Kompyuta inayobadilisha watupaji kwenye gemu la besiboli itanipandisha presha (uzi wa kilio)

Mchezeshaji_Usiku

Wakuu, heshima kwenu. Huu ni uzi wa kulia, asiyependa kilio apite tu, hatutalaumiana.

Kwa wasiojua: nacheza gemu la besiboli la usimamizi. Humo hushiki gongo wala hurushi mpira. Unasajili, unapanga kikosi, unaandika maelekezo, halafu usiku kompyuta inachezesha mechi zote za ligi kwa mpigo. Ligi yetu ina timu 24, kila timu na mwenyewe. Hatuwezi kukusanyika kila siku tukasubiriana, kwa hiyo mechi ikichezwa wewe umelala, na anayeamua nani ashuke kilimani (pale anaposimama mtupaji, anayemrushia mpigaji mpira) na nani apande ni kompyuta. Asubuhi unaamka kusoma kilichotokea, kama mtu anayesoma majibu ya mtihani aliofanyiwa na mwenzake.

Usajili sina ugomvi nao. Mpangilio wa wapigaji pia inauheshimu. Ugomvi wangu ni watupaji. Jana tulikuwa ugenini, naweka hapa nilichokisoma, nimefupisha:

Iningi (raundi, mechi ina tisa) ya 6: auti (mpigaji kutolewa) tatu mfululizo. Tunaongoza 4-0. Mtupaji wangu namba moja ameruhusu hiti (pigo linalomfikisha mpigaji kwenye besi, kituo cha kukimbilia) mbili tu tangu mwanzo. Mitupo 75.

Iningi ya 7: namba moja katolewa. Anaingia wa akiba, anapita salama.

Iningi ya 8: wa akiba mwingine, anapita kwa jasho.

Iningi ya 9: bado 4-0. Mmaliziaji wangu, mtu bora kuliko wote waliomo bulpeni (wanakosubiri watupaji wa akiba), amekaa. Anaingia wa mwisho kwenye orodha, yule ninayemtunza kwa mechi zilizokwisha kuharibika. Mpigaji wa kwanza auti. Wa pili anapewa besi bure. Wa tatu hiti. Hapo sasa ndipo mmaliziaji anaitwa! Anaingia na watu wawili wako kwenye besi, mwili haujapata moto. Dabo (pigo la kufika besi ya pili), wote wawili wanafunga, 4-2. Auti. Hiti, 4-3. Homurani (pigo la kuzunguka besi zote). Tumelala 5-4.

Nimesoma mara tatu nikidhani macho yangu yana tatizo.

Na si jana tu. Mechi tatu zilizopita za huyu namba moja alitolewa akiwa na mitupo 74, 76 na 75, na katika hizo tatu hakuna hata moja aliyokuwa anapigwa. Wakati huohuo mtupaji wangu namba nne, ambaye si lolote si chochote, juzi kaachwa mpaka mitupo 112 akila kichapo, pointi saba, kompyuta inamtazama tu. Anayekaba anatolewa, anayepigwa anaachwa. Nani anieleze hapa kuna mantiki gani?

Nakazia

Kilio kimepokelewa. Naweka kambi.

Bundi

Pole mkuu, lakini unailaumu kompyuta kana kwamba binadamu hawajafanya hayohayo mchana kweupe.

Tarehe 27 Oktoba 2020, fainali ya World Series (kombe la besiboli la Marekani), mechi ya sita. Rays wa Tampa Bay wanaongoza 1-0 dhidi ya Dodgers. Mtupaji wao Blake Snell ametupa mitupo 73, kawatoa watu tisa kwa straiki (mitupo mitatu iliyowashinda), karuhusu hiti mbili. Wapigaji watatu wa juu wa Dodgers, yaani Betts, Seager na Turner, wamekutana naye mara sita kwa jumla na mara zote sita wametoka kwa straiki. Hiyo hiti ya pili ilikuja iningi ya sita ikiwa na auti moja, meneja Kevin Cash akatoka, akamchukua mpira. Akaingia Nick Anderson. Betts dabo. Mpira ukampita mdakaji, 1-1. Seager kagonga wa chini, Betts kakimbia nyumbani, 2-1. Mwisho 3-1, kombe limekwenda Los Angeles.

Mitupo 73, mkuu. Wako alifika 75. Kompyuta yako ina huruma kuliko Cash.

Mchezeshaji_Usiku

Bundi, hiyo naijua na iliniuma bila hata kuwa shabiki wa Rays. Lakini kuna tofauti. Cash alikaa mbele ya waandishi akasema sababu: hakutaka Betts na wenzake wamwone Snell kwa mara ya tatu. Unaweza kumkatalia, lakini kuna cha kukataa. Kompyuta imeandika "mabadiliko ya mtupaji" ikanyamaza. Nikatalie nini hapo?

Na namba nne wangu je? Yeye wapinzani walimwona mara ya tatu, na ya nne wakaanza.

Nakazia

Mara ya nne walikuwa wanamwamkia kwa jina.

BintiTakwimu

Naomba nitenganishe mambo mawili ambayo Mchezeshaji ameyaweka chungu kimoja.

La kwanza, kumtoa namba moja baada ya iningi sita. Hilo peke yake silioni kama kosa kubwa. Ni kweli kwamba wapigaji wakikutana na mtupaji yuleyule mara ya tatu ndani ya mechi moja wanampiga vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza. Wanakuwa wameshaona mipira yake, na yeye ameshachoka. Clayton Kershaw mwenyewe, mtupaji wa Dodgers, alitolewa Aprili 2022 dhidi ya Minnesota akiwa na iningi saba kamili bila mtu hata mmoja kugusa besi, mitupo 80 tu, na hakulalamika. Kwa hiyo tusijenge hoja kwamba anayekaba hatolewi.

La pili ndilo lenye uozo: nani anaingia, na lini. Soma tena iningi ya tisa ya mkuu pale juu. Kompyuta haikulala. Ilikuwa inangoja kitu, na hicho kitu kinaitwa sevu.

Ngoja nieleze kwa wasiofuatilia. Sevu ni hesabu anayopewa mtupaji anayeifunga mechi timu yake ikiwa mbele kidogo. Imekuwa takwimu rasmi tangu 1969. Masharti yake: uingie mkiongoza kwa pointi zisizozidi tatu na utupe angalau iningi moja, au uingie wakati mtu anayeweza kusawazisha yuko kwenye besi, anapiga, au ndiye anayesubiri zamu inayofuata, au utupe iningi tatu au zaidi mpaka mwisho.

Sasa piga hesabu. Mnaongoza kwa nne. Hakuna mtu kwenye besi. Hakuna sevu, mmaliziaji anakaa. Anaingia dhaifu. Anaweka watu wawili kwenye besi. Wawili walioko huko, anayepiga ni wa tatu, anayesubiri zamu ni wa nne. Huyo wa nne ndiye wa kusawazisha! Masharti yametimia, mmaliziaji anaitwa. Yaani kompyuta ilimkataza kuingia mlango ukiwa umefungwa, ikamruhusu nyumba ilipoanza kuungua.

Sevu ilibuniwa na mwandishi wa magazeti, Jerome Holtzman, kwa ajili ya kuwatendea haki watupaji wa akiba ambao kazi yao haikuonekana kwenye karatasi. Haikubuniwa iwe amri ya kuendeshea timu.

Bundi

Hata hapo binadamu wametangulia. Zack Britton, mmaliziaji wa Baltimore, Oktoba 2016. Msimu mzima kapata nafasi 47 za sevu, kazifunga zote 47, wastani wake wa pointi 0.54 kwa iningi tisa. Mechi moja tu ya kuamua nani aendelee, Baltimore ugenini Toronto, 2-2, iningi za nyongeza. Meneja Buck Showalter anamtunza kwa ajili ya wakati watakapoongoza. Hawakuongoza. Iningi ya 11 Ubaldo Jiménez yuko kilimani, Encarnación wa Toronto anapiga homurani ya pointi tatu, kwaheri. Britton hakutupa hata mpira mmoja.

BintiTakwimu

Ndiyo, na ugenini ndiko hasa mtego ulipo. Mkiwa sare, mwenyeji akifunga pointi moja tu kwenye nusu yake ya iningi ya mwisho, mechi imekwisha hapohapo. Mgeni akimtunza mmaliziaji kusubiri uongozi, anaweza kufa akiwa na risasi mfukoni. Kila gemu nililocheza lina huu ugonjwa: sare ugenini, kompyuta inaanza kutoa wa tano, wa sita, wa saba, mfalme amekaa.

DaduMbili

Vijana mna raha. Mimi nilianza na kadi na dadu. Strat-O-Matic imekuwepo tangu 1961, APBA miaka kumi kabla yake, na humo hakuna wa kulaumu. Kadi ya mtupaji inakuambia amebakiza nguvu kiasi gani, dadu zinalala mezani, wewe ndiye unayeamua. Ukikosea, unajitazama kwenye kioo.

Sasa nicheke kidogo. Nilipohamia kwenye kompyuta nikasema nirudie msimu wa 1968. Bob Gibson wa mwaka ule, mnamjua? Wastani wa 1.12. Alianza mechi 34, akamaliza mwenyewe 28. Iningi 304 na theluthi mbili. Hakuna hata mara moja aliyoondolewa kilimani katikati ya iningi. Mechi ambazo hakumaliza, alitolewa kwa kubadilishwa zamu yake ya kupiga.

Basi kompyuta yangu ikamtoa iningi ya sita. Kwa sababu ya "uchovu". Gibson! Nikaangalia nani kaingia, kaingia mtu ambaye hata wenzake wa 1968 wangemsahau. Nikaifunga mashine nikaenda kutembea.

Kumbe mipangilio ya mbinu ilibaki ya kisasa. Nilikuwa nimechukua wachezaji wa 1968 nikawapa meneja wa leo, anayeamini kuwa iningi sita ni kazi ya siku nzima. Nilipobadilisha enzi kwenye mipangilio, Gibson akaanza kumaliza mechi zake.

Lakini ugonjwa mwingine haukupona, nao ni huu: zamani mtupaji alipiga pia. Tunaongoza 3-0, iningi ya saba, Gibson hajaruhusu kitu, zamu yake ya kupiga imefika, kuna mtu besi ya pili. Kompyuta inamtoa ili iweke mpigaji bora! Pointi ya nne inatafutwa kwa kumuuza mtu ambaye hafungiki. Nilimwona Steve Carlton wa 1972 akifanyiwa hivyo mara kadhaa. Huyu ni mtu aliyeshinda mechi 27 kati ya 59 ambazo timu yake nzima ilishinda. Ukimtoa Carlton kwenye timu ile unaweka nani?

Nyie wa ligi za kisasa mna bahati, tangu 2022 watupaji hawapigi tena kwenye ligi zote mbili, American na National. Huo upuuzi hamtauona.

Mashoto

Kila mtu na lake. La kwangu ni sheria ya wapigaji watatu. Tangu 2020, mtupaji akiingia lazima akutane na wapigaji watatu au amalize iningi, labda aumie. Kompyuta inaijua sheria, ila haioni mbele. Inamleta mtupaji wangu wa mashoto kwa ajili ya mpigaji mmoja wa mashoto (wa mashoto humsumbua wa mashoto). Mpinzani anambadilisha mpigaji, anaweka wa kulia. Halafu wawili wanaofuata nao ni wa kulia. Mtu wangu amekwama pale juu kama paka aliyepanda mti asiojua kushuka.

Kabla ya 2020 hilo lilikuwa linakugharimu mpigaji mmoja tu. Sasa iningi nzima inateketea.

Kipanga

Habari za humu. Nimewahi kujiandikia kagemu kadogo ka besiboli, ka kwangu na rafiki zangu wawili, kwa hiyo naweza kusema kidogo kuhusu upande wa jikoni. Siijui programu ya Mchezeshaji ndani, nasema nilivyojenga mimi, na nadhani wengi hujenga hivyo.

Kompyuta haiwazi. Kabla ya kila mpigaji inapita kwenye orodha ya maswali kwa mpangilio. Kagemu kangu kaliuliza hivi: Mtupaji amefika kikomo alichowekewa? Amechoka? Ameruhusu pointi ngapi leo? Je, kuna nafasi ya sevu na mmaliziaji yuko fiti? Anayekuja kupiga ni wa kulia au wa mashoto? Swali la kwanza likijibiwa ndiyo, yaliyobaki hayaulizwi. Hapo ndipo watu wanaona maajabu. Unamwona mtu ametolewa unadhani kompyuta imepima mechi nzima ikafika uamuzi wa kipumbavu. Wala. Imeuliza swali moja, ikapata jibu, ikaenda.

Na mbona sevu imepewa heshima kubwa? Nilijaribu kuiondoa. Nikaweka hesabu ya uzito wa hali, ile aliyoieneza Tom Tango, ambapo hali ya kawaida ni 1 na kadiri mechi inavyoning'inia ndivyo namba inavyopanda. Mtupaji bora aitwe pale namba inapokuwa kubwa, iwe iningi ya saba au ya kumi. Ilifanya kazi vizuri sana uwanjani. Rafiki zangu wakanijia juu. "Mbona mmaliziaji wangu ana sevu tisa tu msimu mzima? Huyu kwenye maisha ya kweli alikuwa na 40!" Unaelewa? Gemu la namna hii linauzwa kwa ahadi kwamba mwisho wa msimu takwimu zitafanana na za kweli. Britton wa 2016 asipofika karibu na sevu 47 watu wataona gemu ni bovu. Na ili azifikishe, lazima atumiwe kama Showalter alivyomtumia, pamoja na ujinga wake wa Oktoba.

Nikairudisha sevu. Sikuwa na ujanja.

Sasa Mchezeshaji, kuna kitu kimoja kwenye kilio chako kinanisumbua. Mitupo 74, 76, 75, 75. Uchovu hauji kwa namba moja kila mara. Siku mtu anatupa mitupo ya haraka na auti rahisi, siku nyingine anahangaika na watu kwenye besi, uchovu unatofautiana. Namba ikijirudia hivyo, huo si uchovu. Hicho ni kikomo. Fungua ukurasa wa mchezaji mwenyewe, si wa timu, tafuta maelekezo yake binafsi. Halafu rudi hapa.

Mchezeshaji_Usiku

Nimekagua mipangilio ya timu mara mia Kipanga. Kikomo cha watupaji wa kuanza ni 105.

Kipanga

Nimesema ukurasa wa mchezaji.

Nakazia

Kimya kimetanda.

Nakazia

Dakika arobaini. Mkuu yuko hai?

Mchezeshaji_Usiku

Niko hai. Natamani nisingekuwa.

Wakuu, naomba radhi. Mwanzoni mwa msimu namba moja aliumia bega. Aliporudi, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikamwekea kikomo cha mitupo 75 ili asiumie tena, nikasema nitakiondoa baada ya mechi mbili. Sikukiondoa. Kompyuta imekuwa ikinitii muda wote huu na mimi nikiitukana.

Na namba nne? Nimemwangalia pia. Nilimwandikia "aachwe amalize" siku ile bulpeni yangu ilikuwa imechoka, baada ya mechi ya iningi 15. Nayo ipo mpaka leo.

Nakazia

HAHAHAHA. Uzi ufungwe. Mchawi kapatikana, analala nyumba moja na mlalamikaji.

Bundi

Nakuheshimu kwa kurudi kusema ukweli. Wengi wangefuta uzi.

BintiTakwimu

Msimcheke hivyo, nusu ya kilio chake imesimama palepale. Kikomo cha 75 kinaeleza kwa nini namba moja alitoka. Hakielezi kwa nini mtu dhaifu kuliko wote aliingia iningi ya tisa tukiongoza kwa nne, wala kwa nini mmaliziaji aliitwa moto ukiwa umeshika.

Tena niongeze, hata kumleta mmaliziaji katikati ya vurugu si sawa na kumleta iningi ikianza. Kwenye magemu yanayohesabu kupasha mwili moto, mtu akiitwa ghafla hajafika kiwango chake. Na kwenye yale yanayohesabu vizuri zaidi, kumpasha moto kisha kumkalisha nako kunamla nguvu hata kama hakuingia. Kwa hiyo kompyuta inayosubiri inapata hasara, na inayoharakisha bila kumtumia nayo inapata hasara ya kesho.

Mchezeshaji_Usiku

Asante dada kwa kuniokoa. Sasa dawa ni ipi? Kikomo nimeondoa. Namba nne nimemrudisha kwenye utaratibu wa kawaida. Mmaliziaji nimfanyeje?

Kipanga

Usiwe na mmaliziaji.

Ninamaanisha hivi: acha nafasi hiyo wazi kwenye orodha ya majukumu. Huyo bora wako mpe jukumu la kawaida la wa akiba anayeaminiwa, lile la kuingia mechi ikiwa ngumu, kama gemu lako lina kitu cha aina hiyo. Kompyuta ikifika kwenye swali la sevu haitakuta jina, itaruka kwenda maswali mengine, na huko jina lake liko juu. Ataanza kuonekana iningi ya saba na ya nane pale watu wanapojaa kwenye besi.

DaduMbili

Msikilizeni Kipanga, ila mjue bei yake. Mtu akiwa hana jukumu maalumu, kompyuta inamwita kila siku. Mechi ngumu zipo kila siku! Ikifika katikati ya msimu mkono umekwisha. Jukumu la mmaliziaji lina upumbavu wake, lakini linamlinda: hana sevu, hana kazi, anapumzika. Meneja Tony La Russa alipoanza kumtumia Eckersley kwa iningi moja ya mwisho pale Oakland mwaka 1988 hakuwa mjinga. Eckersley alikuwa na miaka 33, na kwa njia hiyo aliendelea kutupa miaka mingine kumi.

Upande wa pili kuna Mike Marshall wa 1974, mechi 106 kama mtupaji wa akiba, iningi 208 na theluthi. Lakini Marshall alikuwa mmoja. Ukimpa mtu wa kawaida ratiba ya Marshall utamzika.

Kipanga

Mzee ana hoja. Basi weka sharti la mapumziko: asitumike siku tatu mfululizo, au asitumike akiwa na uchovu zaidi ya kiasi fulani. Magemu mengi yana kipimo hicho, kimejificha tu.

Mashoto

Na ikibidi muondoe yule wa mwisho kwenye orodha. Watupaji 13 ndio mwisho unaoruhusiwa, hakuna aliyesema lazima ufike 13. Ukimweka mtu ambaye hutaki atupe, kompyuta haijui kwamba hutaki. Kwake ni jina lenye mkono uliopumzika.

BintiTakwimu

Hilo la Mashoto ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kompyuta inapenda mikono iliyopumzika. Mtu mbaya hapati kazi, kwa hiyo daima amepumzika, kwa hiyo daima yuko tayari. Ndiyo maana anatokea siku mbaya.

Bundi

Na mimi niongeze moja kabla hamjamtakasa binadamu. 2003, mechi ya saba ya fainali ya ligi ya American, Boston na Yankees. Boston wanaongoza 5-2 iningi ya nane. Mtupaji wao Pedro Martínez amechoka, kila mtu uwanjani anaona. Jeter wa Yankees dabo, Williams hiti. Meneja wa Boston, Grady Little, anapanda kilimani, anamuuliza, Pedro anasema yuko sawa, meneja anarudi kukaa. Matsui dabo. Posada dabo. 5-5. Pedro katolewa akiwa na mitupo 123. Iningi ya 11 Aaron Boone wa Yankees akapiga homurani, na Little hakurudi kazini msimu uliofuata.

Kompyuta isingemuuliza Pedro chochote. Ingesoma uchovu, ingemtoa. Hapo naichagua kompyuta.

Mchezeshaji_Usiku

Hapo hata mimi. Lakini Little alimwamini mtu. Mimi niliamini kisanduku nilichokiwekea alama nikasahau.

Haya. Nimefanya yafuatayo usiku huu: namba moja hana kikomo tena zaidi ya cha timu. Nafasi ya mmaliziaji iko wazi. Bora wangu ni wa nyakati ngumu, asitumike siku tatu mfululizo. Yule wa mwisho ningemshusha ila dirisha la mabadiliko limeshafungwa, atabaki mpaka kesho. Mechi ni ugenini tena, timu ileile. Nalala.

Nakazia

Usiku mwema mkuu. Kompyuta inakusalimia.

Mchezeshaji_Usiku

Nimeamka. Taarifa.

Namba moja: iningi sita na theluthi, mitupo 96, pointi mbili. Tunaongoza 3-2, iningi ya saba, auti moja, besi zote zimejaa. Nikaona "mabadiliko ya mtupaji", moyo ukasimama. Kaingia nani? Bora wangu! Iningi ya saba! Mpira wa kwanza, kagongwa chini, auti mbili kwa mpigo, iningi imekwisha. Nilipiga kelele peke yangu humu ndani.

Iningi ya nane karudi yeye, watatu kwa watatu, wamekwenda.

Iningi ya tisa bado 3-2. Mabadiliko ya mtupaji. Kaingia yule wa mwisho. Mkono wake umepumzika.

Nimesoma mpaka hapo, nikafunga ukurasa. Ngoja nioge kwanza.

DaduMbili

Kumbe timu ileile, na mechi zenu ziko wazi kwa kila mtu. Mimi nimeshasoma yote.

Nakazia

Na mimi.

BintiTakwimu

Kaoge mkuu. Taratibu tu.